Masharti ya Msaada: Hull House na Majirani Zake, Chicago, 1889–1913

Katika majira ya baridi yaliyofuata Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka 1893, wakati kazi zilikuwa zimeadimika mjini, karani mmoja alifika Hull House kuomba msaada. Alikuwa amekwisha kuja mara kadhaa. Jane Addams, kiongozi wa nyumba hiyo, alimweleza kwamba kulikuwa na vibarua katika uchimbaji wa mfereji mkubwa wa maji taka, na kwamba mtu anayeweza kupata kazi sharti aijaribu kwanza kabla ya kuomba. Karani akajibu kuwa maisha yake yote amefanya kazi ndani ya nyumba na hangeweza kustahimili kazi ya nje wakati wa baridi. Sharti halikulegezwa. Alikwenda, akachimba siku mbili, akashikwa na nimonia, na baada ya wiki moja akafa.

Kisa hiki anakisimulia Addams mwenyewe katika kitabu chake Twenty Years at Hull-House cha mwaka 1910. Nilipokisoma maktabani nilikifunga kitabu nikatoka nje, kwa sababu nilikumbuka daftari.

Shule za Kenya zilipofungwa kwa ajili ya korona mnamo Machi 2020, nilikuwa kidato cha tatu. Vijana wa mtaa wetu hapa Nairobi walichanga na kuomba kwa wenye maduka, wakapata unga, maharagwe na mafuta ya kupikia. Mimi nilipewa kuandika majina kwa kuwa hati yangu ilisomeka. Tulikubaliana sharti moja: nyumba yenye mtu mwenye kazi haipati. Mama mmoja wa plot ya pili alikuwa mama fua. Alipofika mezani nikamwambia jina lake limekatwa. Akasema, "Mwanangu, hao ninaowafulia wamefunga mageti. Kazi ninayo kwa jina tu." Nikamjibu, "Pole, mama, lakini ndivyo tulivyokubaliana." Mwisho wa mwezi alihama na watoto wake, na hakuna kati yetu aliyeuliza amekwenda wapi.

Kwa hiyo siandiki kuhusu Hull House kama mtu asiye na deni. Katika semina zetu nyumba hii huhukumiwa kwa njia mbili. Wapo wanaoisifu kuwa chimbuko la kazi ya ustawi wa jamii Marekani, na wapo wanaosema kuwa ilikuwa nyumba ya mabinti wa matajiri waliokwenda kuwafundisha maskini adabu za meza. Nadhani zote mbili zinaruka swali lililo muhimu kwa mwanafunzi wa historia: ni nani aliyekuwa akiamua familia ya jirani inahitaji nini?

Addams na rafiki yake Ellen Gates Starr walihamia katika nyumba ile ya Halsted Street mwezi Septemba 1889. Ilikuwa nyumba ya zamani ya tajiri Charles Hull, na mtaa ulioizunguka ulikuwa umejaa wahamiaji: Waitalia, Wajerumani, Waayalandi, Wabohemia, Wayahudi kutoka Urusi na Polandi. Wageni hawa wawili walikuja na picha za sanaa na mipango ya kusoma vitabu pamoja na majirani. Majirani walikuja na watoto.

Chekechea ilianza karibu mara moja. Halafu wakaona jambo ambalo hawakuwa wamelipangia. Addams anaandika kwamba watoto watatu wa kwanza wenye ulemavu waliokutana nao mtaani wote waliumia mama zao wakiwa kazini. Mmoja alianguka kutoka dirisha la ghorofa. Mwingine aliungua. Wa tatu alikuwa na uti wa mgongo uliopinda, kwa sababu kwa miaka mitatu alikuwa akifungwa mchana kutwa kwenye mguu wa meza ya jikoni. Kaka yake, aliyefanya kazi kiwandani karibu na hapo, ndiye aliyekuwa akikimbia nyumbani saa sita kumfungua na kula naye. Wakati wa joto watoto wengine walifungiwa nje badala ya ndani, maana mlango ukiachwa wazi wezi huingia.

Mama aliyefunga kamba ile hakuwa katili. Ni vigumu kuliandika hilo bila kuonekana kwamba ninatetea kamba, lakini nimekulia mahali ambapo mtoto huachiwa mwenzake wa miaka sita, na najua mama anayetoka alfajiri hupiga hesabu gani. Kamba ilimzuia mtoto asifike kwenye jiko la moto. Hull House ikaanzisha mahali pa kulelea watoto mchana, kwanza katika kijumba cha barabara ya pembeni, baadaye katika jengo lililojengwa kwa kazi hiyo, ikaiendesha huduma hiyo kwa miaka 16.

Jiko lao la chakula lilikuwa na historia nyingine. Wakazi wa Hull House waliwachunguza wanawake waliokuwa wakishona nguo kwa ujira wa kipande, wakaona kwamba msimu wa kazi ukipamba moto hawakuwa na nafasi ya kupika. Walinunua vyakula vya kopo na kuwapa watoto senti za peremende. Basi mkazi mmoja akatumwa Boston kujifunza kwa Ellen Richards, mtaalamu wa kemia aliyekuwa amebuni namna ya kupika kwa gharama ndogo bila kupoteza virutubisho. Jiko la umma likafunguliwa mwaka 1893. Supu ilikuwa nzuri kwa mizani ya kisayansi. Majirani hawakuinunua kama ilivyotarajiwa. Mwanamke mmoja alikiri kuwa kilikuwa chakula chenye lishe, ila yeye alipenda kula kile anachokipenda mwenyewe. Kilichostawi ni mkahawa uliokua pembeni ya jiko hilo, watu wakipata mahali pa kukaa na kuzungumza.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Malezi ya watoto yalitokana na kile majirani walichokileta mlangoni, na jiko lilitokana na uchunguzi uliofanywa juu yao. Natambua udhaifu wa hoja yangu: mwanamke wa supu, kaka wa kiwandani na karani wote tunawasikia kupitia kalamu ya Addams tu. Lakini mwandishi anayetaka kujisifu hasimulii kifo alichokisababisha. Tena anaongeza kwamba hakuacha kamwe kufuatilia habari za watoto wawili ambao karani yule aliwaacha. Sentensi hiyo ndiyo iliyonitoa maktabani.

Hata malezi ya watoto Addams aliyatilia shaka. Aliona kwamba yangeweza kumshawishi mama kubeba kazi mbili zisizobebeka pamoja, ya mshahara na ya ulezi. Anasimulia kuhusu mama mmoja aliyeanika nguo juu ya paa asubuhi na mapema kabla ya kuwapeleka watoto kituoni. Mwanawe, waliyemwita Goosie, alipeperushwa na upepo wa mwezi Machi, akaanguka akafa. Baada ya mazishi walimwuliza mama wamsaidie nini. Aliomba mshahara wa kesho tu, ili abaki nyumbani siku nzima na kumpakata mtoto mdogo, kwa kuwa Goosie alikuwa akiomba apakatwe na yeye hakupata nafasi.

Hakuna kituo cha kulelea watoto kinachoweza kujibu ombi hilo. Mwaka 1911 Illinois ilipitisha sheria iliyoruhusu fedha za umma zilipwe wazazi maskini ili walee watoto wao nyumbani. Ilikuwa sheria ya kwanza ya aina hiyo kutumika katika jimbo zima. Utekelezaji ulipewa Mahakama ya Watoto, iliyoanzishwa mwaka 1899 baada ya kampeni ambayo wanawake wa Hull House, akiwemo Julia Lathrop, walishiriki. Ombi la siku moja ya mshahara lilikuwa limepata jibu la kiserikali.

Lakini mahakama ilihitaji wachunguzi, na wachunguzi walihitaji masharti. Mwaka 1913 sheria ilirekebishwa: miongoni mwa mambo mengine, mama alipaswa kuwa raia. Katika mtaa wa wahamiaji kama ule wa Halsted Street, kuna karani fulani aliyekaa na daftari, akakata majina.