Mionzi Iliyowamaliza Mbung'o wa Unguja

Leo naweka mambo ya programu kando kidogo, maana kuna swali limenikaa kichwani tangu niliporudi kutoka nyumbani Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau.

Nilimkuta mjomba akiwapaka ng'ombe wake dawa ya mbung'o. Nikajitia ujuzi, nikamwambia kwamba Unguja mbung'o waliisha kabisa, tena kwa mionzi. Mjomba akasimama. "Mionzi? Si ndiyo ile ya bomu? Na watu wa huko wanakunywa maziwa ya ng'ombe hao?" Nikamwambia, "Hapana mjomba, ng'ombe hawakuguswa na mionzi." Akacheka. "Basi nieleze, si wewe ndiye uliyesoma?" Nilieleza vibaya sana. Hapa najaribu tena.

Tuanze na msingi. Kila kitu kimeundwa kwa atomu, na katikati ya atomu kuna kiini. Viini vingi vimetulia. Vingine vina nguvu ya ziada, na ili vitulie hutema chembe au miale. Huko kutema ndiko kunakoitwa unururifu. Henri Becquerel aliligundua jambo hili huko Ufaransa mwaka 1896, alipoona madini ya urani yameacha alama kwenye sahani ya picha iliyofungwa kwa karatasi nyeusi. Miaka miwili baadaye Marie Curie na mumewe Pierre wakaipa hali hiyo jina.

Mionzi hii ina aina tatu kuu. Alfa huzuiwa na karatasi tu. Beta huzuiwa na bati jembamba la alumini. Gama hupenya mwili, na kuipunguza kunahitaji risasi au zege nene.

Jambo la pili ni nusu-maisha, yaani muda unaochukua nusu ya viini kubadilika. Kwa kobalti-60 ni miaka 5 na robo hivi. Ukiwa na gramu 8 leo, baada ya muda huo zitabaki 4, kisha 2, kisha 1. Sisi waandika programu tunakijua kitanzi cha namna hiyo: kila mzunguko, gawa kwa mbili.

Na mionzi hii tunaishi nayo. Gama ya kobalti-60 huua vijidudu kwenye sindano na glovu za hospitali zikiwa tayari ndani ya pakiti zake, na hutumika kutibu saratani. Vifaa vingi vya kugundua moshi vina chembe ndogo ya amerishiamu-241.

Sasa twende Unguja. Kisiwani humo kulikuwa na aina moja tu ya mbung'o, Glossina austeni, aliyeeneza ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe walipakwa dawa mgongoni na vitambaa vyenye dawa vikatundikwa msituni. Mbung'o wakapungua sana, lakini hawakuisha.

Hapo ndipo likaja wazo la zamani. Mwaka 1927 Hermann Muller alikuwa ameonyesha kwamba eksirei huharibu chembe za urithi za nzi. Mmarekani Edward Knipling akajiuliza: tukiwafanya madume kuwa tasa na kuwaachilia kwa wingi, itakuwaje? Mwaka 1954 njia hiyo ilimaliza nzi wa funza wa vidonda katika kisiwa cha Curaçao.

Kwa Unguja kazi ilifanyika Tanga, kwenye taasisi ya utafiti wa mbung'o, kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Mbung'o walifugwa kwa maelfu, wakalishwa damu kupitia utando, kisha madume wakapigwa gama. Kipimo kilitosha kuvuruga chembe za urithi ndani ya mbegu zao, lakini si kuwaua. Ni kama kuharibu faili moja huku programu yenyewe ikiendelea kufanya kazi: dume anaruka, anatafuta jike, anapanda, ila mtoto hapatikani. Na jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, kisha huhifadhi mbegu hizo maisha yake yote. Akimpata dume tasa, basi tena!

Tupige hesabu ya mfano. Msituni kuna madume 100, wewe unaachilia tasa 900. Jike mmoja tu kati ya 10 atapata dume mzima. Kizazi kijacho wa msituni wamepungua, wako ni wale wale 900, hivyo uwezekano unazidi kushuka. Dawa hupata shida zaidi nzi wanapobaki wachache. Njia hii ndipo hupata nguvu.

Tangu 1994 hadi 1997 ndege ndogo ziliachilia madume tasa zaidi ya milioni 8 juu ya Unguja. Mbung'o wa mwisho wa msituni alinaswa Septemba 1996.

Je, nzi hao walibeba mionzi? Hapana, mjomba. Ukimulikwa na tochi hugeuki tochi. Gama ilipita, ikafanya kazi yake, ikaisha pale pale Tanga. Hatari ilikuwa kwenye mashine, ndiyo maana hufunikwa kwa risasi nene.

Swali ambalo mjomba hakuliuliza, nami naliogopa zaidi, ni hili: mbona sisi bado tunapaka dawa? Jibu halimo kwenye mionzi. Unguja imezungukwa na bahari, na mbung'o hawaivuki. Sisi tumezungukwa na Tsavo. Ukisafisha Kasigau leo, kesho wengine wanaingia kutoka vichakani. Tena huku pwani na Tsavo kuna zaidi ya aina moja ya mbung'o, na dume tasa wa aina moja hana kazi kwa jike wa aina nyingine. Kila aina ingetaka kiwanda chake.

Kwa hiyo mjomba ataendelea na dawa yake, nami nimejifunza kutojisifu mbele ya mtu anayewajua mbung'o kuliko mimi. Nikirudi, nitaanza kumweleza habari ya bahari kabla ya habari ya atomu.

Haya, maswali na maoni karibuni. Tuonane tena.