Mwalimu Aliyegeuka Mwanafunzi

Mjukuu wangu alipokuja Nkwenda kuniaga, akielekea Kuba kusomea udaktari, alikuwa na daftari jipya na hofu moja tu. "Babu, nitasomaje uganga kwa Kihispania, nami sikijui hata kidogo?"

Nikamsimulia habari za Freddy Ilanga. Aprili 1965, Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akaingia Kongo kwa siri pamoja na Wakuba wenzake. Walijipa majina ya hesabu zetu: Víctor Dreke akaitwa Moja, mwingine Mbili, na Che, mkubwa wao, akawa Tatu. Ilanga, kijana wa Kikongo ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 17, alipewa kazi ya kumfundisha Kiswahili na kumfasiria. Kwa miezi saba hakubanduka ubavuni pake. Vita viliposhindikana, mwezi wa Novemba Wakuba wakarudi nyuma, na kijana akapelekwa Kuba, akidhani anakwenda kwa muda mfupi tu. Kumbe huko ndiko mwalimu alikokwenda kuketi kwenye dawati la mwanafunzi. Alijifunza Kihispania hadi akafuzu udaktari.

Na lugha yenyewe, nilimwambia, si ngeni kama anavyodhani. Irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa karibu sawa na zetu. Meza kwao ni mesa; sisi tuliipata kwa Wareno, majirani zao. Waarabu walitawala sehemu za Hispania tangu 711 hadi 1492, wakaacha maneno tele: sukari ni azúcar, na hasta, yaani "mpaka", ni ndugu wa hata yetu, kwa kuwa yote mawili yametoka kwenye hattá ya Kiarabu. (Wanafunzi wangu chuoni walichoka kusikia mambo haya.)

Sikumficha upande wa pili. Ilanga alipotezana kabisa na jamaa zake, ikapita karibu miaka 40, hadi mwaka 2003 alipopigiwa simu kutoka Bukavu: ndugu zake wamempata.

Hapo nikanyamaza, maana nilijikumbuka mwenyewe. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu niliwafundisha vijana kumvisha kibao shingoni mtoto atakayesema Kinyambo shuleni. Niliona ni maendeleo. Nyumbani kwangu nilishika sheria ile ile, na wanangu wakawarithisha wao.

Mjukuu akaingia chumba cha ndani kumuaga mama yangu, aliyepita miaka 90 na asiyejua ila Kinyambo. Bibi kizee akamshika mikono yote miwili, akaanza kusema, akasema kwa kirefu, machozi yakimtoka. Kijana akanigeukia. "Babu, anasemaje?"

Nikavuta kigoda, nikaketi katikati yao, nikafasiri.