Ile karatasi ya asiransi kwenye kioo cha gari



Mwaka 2009 gari ndogo ya mizigo ilimgonga baba mdogo yangu hapa Bukavu. Mguu ulivunjika. Jioni ile wazee wa familia walikaa na shofere, wakapatana: atalipa hospitali, basi, mambo yaishe. Polisi hawakuitwa. Na ile karatasi ya mapatano niliiandika mimi, juu ndimi nilikuwa nimesoma.

Kwenye kioo cha gari kulikuwa karatasi ya asiransi. Niliiona. Hakuna aliyeuliza ni ya kazi gani.

Miaka ilipita ndipo nikatafuta historia yake. Haki ya mwenye kuumizwa ni ya zamani kuliko magari hapa kwetu. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, wakati wa Leopold II, inasema katika kifungu cha 258 kwamba anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima airudishe. Mpaka leo matribinali yetu yanakitumia. Lakini kushinda kesi ni kitu kimoja, kupata feza ni kitu kingine. Shofere akiwa hana kitu, utamkamata nini?

Njo maana ikaja sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973. Kila mwenye gari akalazimishwa kuwa na asiransi: si ya kutengeneza gari yake, ila ya kulipa watu anaoweza kuumiza. Muuzaji alikuwa mmoja tu, SONAS ya serikali, iliyoundwa 1966. Mwaka 1978 ikafuata sheria mpya ya mwendo wa barabarani.

Mageuzi makubwa yalifika tarehe 17 Machi 2015. Sheria namba 15/005 ilifungua soko, ARCA ikawekwa kusimamia, na 2019 kampuni za kwanza za watu binafsi zikapata ruhusa. Leo mwenye gari anachagua kwa nani atanunua. Lakini mwenye kugongwa hachagui; anakuta ile shofere aliyonunua. Kwake yeye njia ni ile ile ya zamani: PV ya polisi, karatasi ya munganga, na jina la kampuni iliyo kwenye kioo. Akikosa hizo, mageuzi yote yanampita kando.

Baba mdogo alikuwa seremala. Hakurudia tena kusimama siku nzima kwenye meza yake ya kazi. Feza za kazi aliyopoteza tungeweza kuzidai, tukaziacha kwa deni la hospitali. Hakuwahi kunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, uliandika muzuri."

Wandugu, aksida ikifika kwenu, muite kwanza polisi waandike PV, mupige foto ya ile karatasi kwenye kioo. Kupatana kutakuja nyuma. Na musitie sahihi jioni ile ile.