Sungura mwenye hati na Sungura wa bure

Gulioni Nyabiyonza, wilayani Karagwe, kwenye rundo la mitumba lililomwagwa juu ya turubai la bluu, nilinunua fulana ya mtoto kwa shilingi 1,500. Kifuani kuna ngiri anacheka, na chini yake maneno mawili: Hakuna Matata. Ukigeuza shingo, kwenye kile kitambaa kidogo kinachowasha, utakuta jina la kampuni ya Marekani, alama ya hakimiliki, na nchi ilikoshonwa, Bangladesh. Muuzaji alinishauri nichukue mbili, maana hizi, alisema, ni zetu, zimeandikwa Kiswahili.

Zetu? Swali hilo lilizua zogo kubwa mwishoni mwa mwaka 2018, likazuka tena mwaka uliofuata filamu mpya ya The Lion King, yenye ngiri huyo na maneno hayo, ilipoingia sinema. Mwaka 2024 filamu ya kwanza ilitimiza miaka 30, na Desemba ikaletwa nyingine, ya Mufasa, baba yake Simba. Simba huyo hazeeki. Ili kujua kwa nini, inabidi turudi nyuma, na habari haianzi na simba. Inaanza na sungura.

Februari 1928, kijana wa miaka 26 aitwaye Walt Disney alipanda treni kwenda New York na mkewe Lillian. Studio yake ndogo ya California ilikuwa inachora katuni za sungura mmoja mtundu, Oswald, na watu walikuwa wanampenda. Walt alikwenda kuomba nyongeza. Aliyekuwa akimlipa, Charles Mintz, wakala wa katuni zilizosambazwa na kampuni ya Universal, alikuwa akitoa dola 2,250 kwa kila filamu. Badala ya kupandisha, alishusha hadi 1,800. Anayekataa, basi. Hapo ndipo Walt alipogundua kwamba Mintz ameshawazunguka wachoraji wake karibu wote na kuwasainisha mikataba kisirisiri, na kwamba Oswald mwenyewe kisheria ni mali ya Universal. Aliyemchora, aliyemfundisha kukimbia na kukonyeza jicho, hakuwa na hata sikio moja la sungura huyo.

Neal Gabler, aliyeandika kitabu kinene cha maisha ya Disney mwaka 2006, anasimulia wiki hizo kama mtu anayeelezea msiba. Walt anahangaika ofisi hadi ofisi, anamwandikia kaka yake Roy kumtuliza huku mwenyewe amechanganyikiwa. Baadaye kampuni ilipenda kusimulia kwamba panya alizaliwa ndani ya treni wakati wa kurudi, Walt akichora na Lillian akimkatalia jina la Mortimer na kupendekeza Mickey. Gabler haimezi hadithi hiyo nzima nzima, nami simlaumu. Mwenye mali huwa na haki ya kutunga ngano ya jinsi alivyoipata. Lililo wazi ni kwamba mchoraji Ub Iwerks hakumkimbia Walt, ndiye aliyempa panya umbo, na tarehe 18 Novemba 1928 filamu ya Steamboat Willie ikaonyeshwa New York. Safari hii hati zilikuwa kabatini kwa Disney.

Mintz naye hakukaa na mnofu. Mwaka 1929 Universal ilimpokonya sungura ikamkabidhi mchoraji mwingine, Walter Lantz. Mnyang'anyi akanyang'anywa. Kisa hicho kingesimuliwa kwa Kinyambo cha hapa Karagwe, kando ya moto, hakuna mtoto ambaye angeuliza kimetoka wapi.

Yaliyofuata yanajulikana. Kuanzia 1932 mfanyabiashara Kay Kamen aliuza leseni za kuweka sura ya Mickey kwenye vikombe, madaftari na, mwaka 1933, saa za mkononi za Ingersoll. Anayetengeneza saa analipa mrabaha, mwenye panya halazimiki kushika hata bisibisi. Mwaka 1961 Disney ilipata haki za dubu Winnie-the-Pooh. Baada ya hapo manunuzi yakawa ya jumla: Pixar mwaka 2006 kwa dola bilioni 7.4, Marvel mwaka 2009 kwa bilioni 4 pamoja na wahusika wake zaidi ya 5,000, na Lucasfilm mwaka 2012 kwa bilioni 4 na ushei.

Na Oswald? Februari 2006 alirudi nyumbani kwa namna ambayo hata Abunuwasi angeionea wivu. Mtangazaji maarufu wa michezo, Al Michaels, alitaka kuhama kituo cha ABC cha Disney aende NBC. Disney ikamwachia, na miongoni mwa vitu ilivyopewa ni sungura wa mwaka 1927. Binadamu mzima mwenye sauti yake akabadilishwa na katuni isiyosema, na pande zote mbili zikaona zimepata.

Mwezi huohuo, jalada jingine lilifungwa. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo wa Mbube kule Johannesburg mwaka 1939, akaachia haki zake kwa shilingi 10, akafa maskini mwaka 1962. Wimbo huo, ukiwa umebadilishwa mavazi, ndio uliokuja kusikika ndani ya The Lion King. Warithi walifungua kesi mwaka 2004, wakapatana na upande wa pili Februari 2006. Sungura alirudi kwa mwenyewe bila kesi. Binti za Linda ilibidi waende mahakamani.

Sasa tuje kwetu. Wachoraji wa filamu ya Simba walitembelea Kenya kabla ya kuanza kazi, wakaondoka na mandhari ya Hell's Gate na kapu la maneno: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Lile la mwisho hadi leo huwachekesha watoto, maana hawategemei kusikia tusi likiitwa jina kwenye filamu ya watu wenye adabu. Filamu ilianza kuonyeshwa Marekani Juni 1994. Wasomaji wa Kagera wanaukumbuka mwezi huo kwa mambo mengine kabisa. Mwishoni mwa Aprili karibu robo milioni ya wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamevuka mpaka wa Rusumo ndani ya siku moja, Benaco ikageuka mji wa turubai, na Karagwe, ambayo wakati huo ilikuwa bado na Kyerwa ndani yake, ilikuwa na kambi zake. Wimbo wa kutokuwa na matata ulikuwa unaimbwa kwenye sinema. Kagera tulikuwa tunahesabu majembe na mablanketi.

Mwaka huohuo Disney iliomba kusajili maneno Hakuna Matata kama alama ya biashara ya nguo nchini Marekani, ikakubaliwa mwaka 2003. Kwa miaka 15 hakuna aliyeshtuka huku kwetu. Kisha mwanaharakati Mzimbabwe, Shelton Mpala, akaanzisha ombi mtandaoni, na ndani ya wiki chache watu zaidi ya 100,000 wakatia sahihi. Magazeti ya Nairobi na Dar es Salaam yakawaka moto: Wazungu wametunyang'anya Kiswahili! Kampuni ikajibu kwamba usajili huo haujawahi kumzuia mtu kutumia maneno hayo, wala hautamzuia.

Kisheria walikuwa sahihi. Alama hiyo haizuii kusema wala kuimba. Inamzuia mfanyabiashara mwingine, ndani ya Marekani, kuuza nguo kwa chapa hiyo. Wenye haki ya kununa zaidi ni watu wa Mombasa, ambako Teddy Kalanda Harrison na bendi ya Them Mushrooms waliyatia maneno hayo kwenye Jambo Bwana mwaka 1982, miaka 12 kabla ya ngiri kuyaimba. Na tukisema kweli, sisi wenyewe tunasema hakuna shida, au hamna noma. Mtu akisema hakuna matata pale stendi ya Kayanga, watu watageuka kutafuta mtalii yuko wapi.

Mikono yetu nayo si misafi. Katika vibanda umiza tumeangalia filamu za watu kwa miaka, zikifasiriwa kwa sauti ya Lufufu na wenzake, bila mwenye filamu kuona senti. Ilikuwa sanaa, tena sanaa ya juu, lakini leseni haikuwepo.

Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Nyabiyonza, aliyenikaribisha kwa kisahani cha buni za kutafuna, anaona tumegombania kitu kidogo. Nilimwonyesha fulana. Aliishika, akaisoma hadi kile kitambaa cha shingoni, akanirudishia. Kwake yeye matata si mali; mali ni Sungura. Hapohapo akaanza kumsimulia kwa Kinyambo, Fisi akiwa na sauti nzito ya mlevi na Sungura akisema harakaharaka kupitia puani. Mjukuu wake wa darasa la tatu alisikiliza kidogo, akarudi kwenye simu. Mwalimu hakukasirika. Aliniambia tu kwamba simu nayo ina hadithi, ila ile ina mwenyewe.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Si kwamba hatuna sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ina sehemu yake ya ngano na sanaa za jadi, na anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa apate kibali. Kenya walitunga yao mwaka 2016. Lakini sheria ya Dodoma haivuki bahari, tena mlinzi hawezi kulinda kitu asichokijua. Mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeuawa kwa risasi ya polisi Dar es Salaam mwaka 1972 baada ya kudhaniwa mwizi, ulizaa mfululizo wa katuni ulioanza BBC mwaka 2010. Ulichorwa Nairobi na vijana wa Homeboyz, lakini kampuni iliyouandaa, Tiger Aspect, ni ya London. Ngano za jirani zetu Wahaya zilikusanywa na Mmarekani Peter Seitel na kuchapwa na Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1980. Alifanya kazi nzuri. Za Wanyambo zipo kichwani mwa mwalimu na wenzake wachache, na hao hawazidi kuwa vijana.

Katuni ya kwanza ya Mickey iliingia mikononi mwa umma nchini Marekani tarehe 1 Januari 2024, miaka 95 baada ya hakimiliki kuanza kuhesabiwa. Alama ya biashara haina ukomo huo. Ilimradi inatumika na inalipiwa kila baada ya miaka 10, inaishi. Sungura wa Karagwe ni wa umma tangu azaliwe, na sitaki asajiliwe na mtu mmoja. Nataka aandikwe. Akiandikwa, anayekuja kudai amembuni ataonyeshwa ukurasa, na kijana wa hapa anayetaka kumchora ampe jina na umbo lake atakuwa na pa kuanzia, kisha apeleke jina hilo kwa wasajili wa alama za biashara, BRELA, kabla ya mgeni.

Ewe msomaji wa Nyabiyonza, Kayanga, Nkwenda au Murongo mwenye simu inayorekodi na bibi ambaye bado anasimulia: mrekodi Jumamosi hii. Taja mwanzoni jina lake, kijiji na tarehe, umwache aseme Kinyambo chake bila kumkatisha, na nakala moja uipeleke kwenye maktaba ya shule iliyo karibu nawe.