Dawa ya Mchina

Wachina walipojenga reli ya TAZARA, mwaka 1970 hadi 1975, walipita hapa Mlimba pamoja na madaktari wao. Wazee wengi tumeiamini dawa yao tangu hapo. Basi mjukuu wangu, mgonjwa wa lupasi, yaani kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, aliponiuliza kama aache vidonge vya hospitali anywe mizizi ya Kichina, sikumcheka. Nilimsimulia habari za Tu Youyou.

Mwaka 1971 mama huyu, akisaidiwa na kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4, alipata katika pakanga dawa ya malaria. Hakutosheka na sifa za kitabu. Dawa ilipimwa kwa wanyama, kisha kwa watu. Ndiyo asili ya dawa mseto tunayoimeza bondeni Kilombero. Baadaye watafiti wa Uchina waliijaribu hata kwa lupasi, lakini kujaribiwa si kufaulu. Nao mzizi wa lei gong teng, unaotumika kwao kwa lupasi, huweza kudhuru ini, figo na uzazi.

“Mjukuu wangu,” nikamwambia, “asiyefanya mtihani hapewi cheti. Muulize daktari kwanza.”

Vidonge vyake hakuviacha.