Mwereka wa St. Louis na Haki ya Mshindani

Mtoto wa Mpanda hahitaji kufundishwa na mtu maana ya mwereka, wala mtoto wa Karema, achezaye mchangani ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wawili hushikana, wengine huzunguka duara, na yule amwangushaye mwenziwe chali, mgongo ukagusa mchanga, ndiye mshindi. Lakini watazamaji nao wana kazi yao. Wakiona kijana mwenye nguvu amemshika mtoto mdogo, hupiga kelele kwamba huo si mchezo. Wakiona mgeni ameangushwa kabla hajaambiwa sharti, husema, "Rudieni." Na kijana wa kwao akiachwa nje ya duara pasipo sababu, hawakubali kwamba aliyebaki ndani ni bingwa wa wote.

Basi mambo matatu hutakiwa: washindani walingane, sharti ijulikane na wote wawili, na duara iwe wazi kwa kila astahiliye kuingia. Katika maongezi haya twapenda kuyachukua mambo hayo matatu na kuyatumia kama mizani, tupime nayo mashindano yaliyofanyika mbali sana na kwetu, katika mji wa St. Louis, nchi ya Marekani, mwezi wa Oktoba mwaka 1904. Hapo ndipo mwereka wa namna ya huru ulipoingia mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki.

Kwanza na tuseme habari ya namna zenyewe. Michezo ya Olimpiki ilipofufuliwa mjini Athens, mwaka 1896, mwereka ulikuwamo, lakini lilikuwa shindano moja tu, wala uzito wa mtu haukuangaliwa. Watu watano waliingia. Aliyeshinda alikuwa Mjerumani mfupi, Carl Schuhmann, ambaye kazi yake hasa ilikuwa michezo ya viungo. Alimwangusha Mwingereza Launceston Elliot, bingwa wa kunyanyua vyuma, aliyemzidi sana kwa umbo. Kisha akapambana na Mgiriki Georgios Tsitas hata jua likatua, na mwisho wa shindano ukangojea kesho yake. Mjini Paris, mwaka 1900, mwereka haukuwekwa kabisa.

Huko Ulaya bara namna iliyopendwa ilikuwa ile iitwayo ya Kigiriki na Kirumi. Katika namna hiyo ni haramu kumshika mtu chini ya kiuno, wala mguu hautumiwi kumtega. Lakini katika wilaya ya Lancashire, Uingereza, wachimba makaa na wafuma nguo walikuwa na namna yao, na jina lake lilikuwa na maana ya "shika uwezavyo kushika". Mguu hushikwa, goti hushikwa, mtu huweza kumnyakua mwenziwe mapajani na kumbwaga. Na ushindi ni kumkalisha mabega yote mawili chini. Wasafiri wa Kiingereza waliichukua namna hiyo mpaka Marekani, ikaota mizizi huko. Hiyo ndiyo mama wa mwereka huru wa siku hizi, nao hauko mbali na mwereka wa watoto wa mchangani.

Mwaka 1904 mji wa St. Louis ulikuwa na maonyesho makubwa ya ulimwengu, kukumbuka miaka mia tangu Marekani kununua nchi ya Louisiana kwa Wafaransa mwaka 1803. Maonyesho yalifunguliwa tarehe 30 Aprili, yakafungwa tarehe 1 Desemba. Michezo ya Olimpiki ilikuwa imeahidiwa mji wa Chicago, lakini ikahamishwa St. Louis isije ikashindana na maonyesho. Safari ya kutoka Ulaya ilikuwa ndefu na ya gharama, na mataifa mengi hayakutuma mtu. Hata Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyeifufua michezo hiyo, hakwenda.

Tarehe 14 na 15 Oktoba mwereka ulifanyika katika uwanja wa Francis, kwenye Chuo Kikuu cha Washington kilicho katika mji huo. Katika jambo la kwanza la mizani yetu, wenye mashindano walifanya vema kuliko wale wa Athens. Waliwagawa watu kwa uzito, madaraja saba, tangu ratili 105 mpaka wale waliozidi ratili 158. Aliye mwembamba hakutupwa tena mbele ya jitu. Robert Curry alishinda katika daraja ya chini kabisa. George Mehnert katika ya pili. Wakafuata Isidor Niflot, Benjamin Bradshaw, Otton Roehm na Charles Ericksen. Na katika uzito wa juu akashinda Bernhoff Hansen. Huyo Hansen alimshinda Frank Kugler, naye Kugler katika michezo ile ile alipata nishani pia kwa kunyanyua vyuma na kwa kuvuta kamba. Huo ndio mwaka walioanza kutoa nishani za dhahabu, fedha na shaba kwa watatu wa kwanza.

Mehnert tusimpite upesi. Mwaka 1908 alivuka bahari akaenda London, ambako mwereka huru uliwekwa katika madaraja matano, akashinda tena mbele ya watu wa taifa jingine. Kwa hiyo hapana awezaye kusema kwamba ushindi wake wa kwanza ulikuwa wa bahati.

Lakini tukija kwenye jambo la duara kuwa wazi, mizani yainama. Katika mwereka wa St. Louis washindani wote waliandikwa kwa jina la Marekani, na mashindano yenyewe yalikuwa pia ndiyo ya ubingwa wa nchi hiyo. Nishani zote ishirini na moja zikabaki nyumbani. Tena miaka zaidi ya mia baadaye, mwaka 2012, wanahistoria wa Norwei walileta hati za kuonyesha kwamba Ericksen hakuwa amepata uraia wa Marekani mpaka Machi 1905, na kwamba yamkini Hansen hakuupata kabisa. Hivyo hata katika shindano la watu wa taifa moja, wawili katika mabingwa saba walikuwa wageni waliokuja kutafuta riziki, na ushindi wao ukaandikwa kwa jina la wenyeji.

Hayo ni madogo. Miezi miwili kabla ya mwereka, tarehe 12 na 13 Agosti, palifanyika mashindano mengine katika mji ule ule, na hayo ndiyo yatupasayo sisi kuyakumbuka zaidi. Wakubwa wa maonyesho walikuwa wamekusanya watu wa mataifa mengi, wakawakalisha katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe: wenyeji wa asili wa Amerika, Waainu wa Japani, watu wa Visiwa vya Filipino, watu wa Patagonia, na Wambilikimo wa Kongo. Ndipo James Sullivan, mkuu wa michezo, na William McGee, mkuu wa elimu ya makabila, wakawaita watu hao uwanjani kukimbia, kuruka na kutupa vitu vizito, ili wajue kama "washenzi", kwa neno lao, walikuwa na nguvu kama ilivyosemwa.

Watu hao hawakufundishwa ipasavyo. Wengi hawakuijua lugha waliyosemeshwa, wala hawakuwa wamepata kuona mbio za kuanzishwa kwa bastola. Walipofika kwenye utepe wa mwisho, wengine walisimama na wengine waliinama wapite chini yake. Sullivan akachukua hesabu za siku mbili hizo, akazilinganisha na za mabingwa waliofanya mazoezi miaka mingi, akapiga chapa kwamba sifa za watu hao zilikuwa za uongo. Mwezi wa Septemba McGee aliwakusanya tena baada ya kuwapa mafundisho, nao wakafanya vizuri zaidi; lakini habari ya kwanza ndiyo iliyoenea. Coubertin aliposikia alisema kwamba mchezo huo wa dhihaka utapoteza ladha yake siku watu weusi, wekundu na wa manjano watakapojifunza kukimbia, kuruka na kutupa, wakawaacha weupe nyuma.

Na siku hiyo haikuwa mbali kama walivyodhani. Tarehe 30 Agosti palikuwa na mbio ndefu za marathoni, katika jua kali na vumbi. Watu 32 walianza, na 14 tu walimaliza. Katika hao 14 walikuwamo Watswana wawili kutoka Afrika ya Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani, waliokuwa kazini katika maonyesho ya kuigiza vita vya Makaburu. Taunyane alikuwa wa tisa, Mashiani wa kumi na mbili, na yasemekana Taunyane angalifika mbele zaidi kama mbwa hakumkimbiza nje ya njia. Hao ndio Waafrika weusi wa kwanza kushindana katika Olimpiki. Lakini waandishi waliwaita Wazulu, na majina yao yakaandikwa vibaya. Walioijua sharti na kuingia duarani walimaliza mbio; aliyeshindwa kuandika majina yao si wao.

Twarudi sasa kwetu. Mmoja wa wale Wambilikimo alikuwa kijana, jina lake Ota Benga. Samuel Verner, Mmarekani, alimnunua mwaka 1904 kwa wafanya biashara ya watumwa, kwa chumvi na nguo, katika nchi iliyokuwa chini ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Na jina la Leopold halikuwa geni katika upande wetu. Chama alichokianzisha mjini Brussels mwaka 1876, kwa kusema kwamba nia yake ni elimu na kukomesha utumwa, kilijenga kituo chake Karema mwaka 1879, kwa mkono wa Kapteni Cambier. Mwaka 1885, Leopold alipokwisha kuipata Kongo, kituo kile kikaachiwa Mapadre Weupe. Mlango uliobishwa Karema kwa maneno mazuri ulifunguliwa ng'ambo ya ziwa kwa mambo mengine.

Ota Benga alirudishwa Kongo baada ya maonyesho, kisha akaenda tena Marekani pamoja na Verner. Mwezi wa Septemba mwaka 1906 aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York, nyumba ya nyani, watu wakaja kumtazama. Wachungaji weusi wa mji huo walipinga mpaka akatolewa. Akaishi Lynchburg, Virginia, akafanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Na tarehe 20 Machi 1916 akajiua.

Sasa tafakarini jambo hili. Mwaka ule ule wa 1904, wataalamu wa St. Louis walipokuwa wakipima miguu na vichwa ili kujua Mwafrika aweza nini, katika Karema palikuwa na Mwafrika aliyekwisha kuwajibu. Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi ya Mali, aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawatibu watu wa pwani ile ya ziwa hata alipokufa mwaka 1956. Hakuna aliyemwita St. Louis kupimwa. Tofauti yake na Ota Benga haikuwa ya damu. Mmoja alipewa mafundisho, na mwingine alipewa uzio.

Duara lilifunguka polepole. Mwaka 1928, mjini Amsterdam, Ibrahim Moustafa wa Misri alipata dhahabu ya mwereka wa Kigiriki na Kirumi. Mwaka 1930 Michezo ya Dola ya Waingereza ilianza mjini Hamilton, Canada, na mwereka huru ulikuwamo. Wakanada wenyeji walitwaa dhahabu zote saba, wala hapakuwa na timu ya Afrika ya Mashariki hata moja. Tanganyika ilituma watu wake katika michezo hiyo mara ya kwanza mwaka 1962, mjini Perth. Mwaka 2000, mjini Sydney, Daniel Igali alishinda dhahabu ya Olimpiki katika mwereka huru. Alizaliwa Naijeria, akashinda kwa bendera ya Canada, nchi iliyompokea kama mkimbizi. Na katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, Blessing Oborududu alipata nishani ya fedha kwa jina la Naijeria yenyewe, ya kwanza kwa nchi hiyo katika mwereka.

Wazee husema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hilo ni kweli, nasi twalikubali; lakini lamfaa yule aliyealikwa, akaambiwa sharti, akapewa mtu wa kulingana naye. Aliyeletwa uwanjani atazamwe hakushindwa, kwa maana hakushindana. Mabingwa saba wa St. Louis tuwape heshima yao, kwani waliwabwaga wale waliosimama mbele yao. Na wale waliokuwa nje ya duara, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: majina yao na yasomwe pamoja, Taunyane na Mashiani na Ota Benga, kila mara habari ya mwaka ule isomwapo.