Stima ya Makaa ya Manza na Ardhi ya Chai ya Kericho

Maandishi mengi kuhusu chai ya Kericho huanza na makampuni ya Brooke Bond na James Finlay, yaliyofika katikati ya miaka ya 1920, na kuyaeleza mashamba kana kwamba yalizaliwa na mvua, kwa kuwa nyanda hizo zilizo kando ya msitu wa Mau, kwenye kimo cha kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hunyeshewa karibu mwaka mzima. Mvua ilikuwapo tangu zamani, na Wakipsigis walilima wimbi na kuchunga ng'ombe katika nyanda hizo kabla ya chai kujulikana huko. Kilichobadilika ni mwenye ardhi, na badiliko hilo halielezeki vizuri bila Vita Kuu vya Kwanza, ambavyo katika Afrika Mashariki vilirefushwa, miongoni mwa sababu nyingine, na shehena ya meli moja ya makaa iliyokwama katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga.

Meli hiyo ilikuwa Rubens, stima, yaani meli inayoendeshwa kwa nguvu ya mvuke, ya tani 3,587. Ilikuwa mali ya Waingereza, lakini vita vilipozuka Agosti 1914 ilikuwa bandarini Hamburg, na Wajerumani wakaitwaa. Wakati huo manowari yao Königsberg ilikuwa imejificha katika delta ya mto Rufiji huku Waingereza wakilinda milango ya delta. Hata kama ingepata upenyo wa kutoka, isingefika mbali, kwa sababu boila, yaani tangi la chuma ambamo maji huchemshwa ili kutoa mvuke, hula makaa ya mawe mchana na usiku, na makaa hayo yalikuwa yakiletwa kutoka ng'ambo. Ndipo, ili iipelekee makaa, Rubens ikapewa jina la Kronborg na bendera ya Denmark, nchi isiyokuwa vitani. Nahodha wake, Carl Christiansen, alijua Kidenmark, na mbao zilipangwa juu ya sitaha ili mtu akiitazama kwa mbali adhani ni meli ya biashara ya mbao. Ndani yake mlikuwa na tani zipatazo 1,600 za makaa, pamoja na bunduki, risasi na makombora.

Iliondoka Ujerumani Februari 1915, ikapita kaskazini ya Uskoti, ikashuka Atlantiki na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Tarehe 14 Aprili 1915, ikiwa imekaribia pwani, ilionekana na manowari ya Kiingereza Hyacinth, ambayo ingeikamata baharini kama mojawapo ya mitambo yake isingeharibika wakati wa kufukuza. Christiansen aliutumia muda huo kuingia Manza, akaipandisha meli kwenye kina kifupi, akafungua vali za chini ili maji ya bahari yajae ndani, kisha zile mbao za sitahani zikatiwa moto. Waingereza waliipiga makombora, wakapeleka watu kuikagua, wakaona moto na moshi, na hatimaye wakaondoka wakiamini kwamba kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Moto ulikuwa juu na shehena ilikuwa chini ya maji, ambako moto haukuweza kuifikia. Wapiga mbizi wakaanza kuopoa masanduku, wapagazi wakayabeba kwenda bara, na risasi zilizoingiwa na maji ya chumvi zikafunguliwa, baruti ikaanikwa, zikaundwa upya. Kwa kusudi lake la kwanza safari ilishindwa kabisa, maana Königsberg haikutoka Rufiji na iliangamizwa humo humo tarehe 11 Julai 1915. Kwa jeshi la nchi kavu la Wajerumani chini ya kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck, hata hivyo, ilikuwa neema, na jeshi hilo halikuweka silaha chini hadi tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia.

Msomaji wa Kericho anaweza kuuliza kwa nini atazame Manza, ilhali ipo ajali ya jirani zaidi. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, si mbali na Sotik katika nchi ya Wakipsigis, na Novemba mwaka huo huo stima Sybil ya Ziwa Victoria iligonga mwamba na kukwama Majita, upande wa Wajerumani, hadi ilipookolewa mwaka 1915. Ajali ya Sybil ilikuwa hasara ya usafiri iliyorekebishwa baada ya miezi michache. Ile ya Manza ililisha vita, na vita vikaacha deni ambalo serikali ya Uingereza iliamua kulilipa kwa ardhi isiyokuwa yake.

Mwaka 1919 ulianzishwa mpango wa kuwapa mashamba wanajeshi Waingereza waliorudi vitani. Kericho ilitengewa sehemu ya pekee, yaani koloni la maafisa waliolemaa vitani, lililojulikana kwa kifupi kama BEADOC, lenye kama ekari 25,000 zilizokatwa kutoka ardhi ya Wakipsigis. Haitakuwa haki kudai kwamba meli ya makaa ndiyo iliyowaleta maafisa hao, kwa kuwa walipigana katika medani nyingi. Hata hivyo, kadiri vita vilivyorefuka ndivyo madai ya wapiganaji wa kizungu yalivyoongezeka, na wapagazi Waafrika, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi, hawakutengewa hata ekari moja katika mpango huo.

Maafisa walipanda kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa kuwa nguo, na ambao bei yake ilikuwa imepandishwa na vita kwa kuwa kitambaa chake kilifunika mabawa ya ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 bei ilianguka na koloni likafilisika. Hapo palikuwa na nafasi ya kuwarudishia wenyewe ardhi yao, na nafasi hiyo ilipuuzwa, badala yake makampuni ya chai yakaingia. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, uliotoa viongozi wa kidini wa Wakipsigis, ulihamishwa kwa nguvu ya sheria hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Upande wa Bomet, uliokuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho hadi mwaka 1992, wakulima wadogo walipata chai yao baadaye sana, kupitia shirika la kuendeleza chai, KTDA, lililoundwa mwaka 1964, na leo viwanda kama Mogogosiek na Kapset hukausha majani yao kwa mvuke wa boila zinazowashwa kwa kuni za mikaratusi.

Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya ilikubali kwamba Wakipsigis na Watalai walitendewa dhuluma ya kihistoria, na Agosti 2022 wawakilishi wao waliishtaki Uingereza mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.